Kosa la Kizalendo

Nchi hii ipo, ila sitaitaja, kwa sababu jina lake limesajiliwa na kila anayelitumia anatakiwa kulipia kibali. Ni nchi nzuri. Ina mvua mara mbili kwa mwaka, ina barabara moja ya lami inayokwenda uwanja wa ndege na kurudi, na ina wananchi wanaojua kusubiri kuliko watu wote duniani. Hilo la mwisho sijalitunga. Walikuja wataalamu kutoka nje wakatupima, na majibu ya vipimo tunayasubiri mpaka leo.

Kwa miaka mingi serikali ilijiuliza itaufanyia nini utajiri huo. Majirani wana dhahabu, wana gesi, wana wanyama wa kupigwa picha. Sisi tuna foleni. Ndipo Waziri wa Matumaini, aliporudi kutoka ziara ya mafunzo ya siku arobaini, akatangaza redioni kwamba amegundua jambo huko alikokwenda. Alikuwa amegundua kwamba kuna hesabu ambayo dunia nzima imeshindwa.

Hesabu yenyewe haitishi ukiisikia. Chukua namba shufwa yoyote iliyo kubwa kuliko mbili, yaani namba inayogawanyika kwa mbili. Je, ni lazima iwe jumla ya namba tasa mbili, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe? Nane ni tatu na tano. Ishirini ni saba na kumi na tatu. Mia moja ni tatu na tisini na saba. Kila anayejaribu anaona inakubali, lakini hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba itakubali siku zote, kwa namba zote, mpaka mwisho ambao haupo. Watu wenye akili zao wamehangaika nayo karibu miaka mia tatu.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "wenzetu wanatafuta jibu. Sisi hatutalitafuta. Sisi tutabashiri litapatikana mwaka gani. Huo ndio mchango wetu kwa sayansi ya dunia, na wala hauhitaji maabara."

Bunge likapitisha sheria mchana ule ule, kabla ya wali kupoa. Kila mtu mzima akatakiwa kuweka mkeka mmoja, karatasi ya kulipia ambayo juu yake anaandika mwaka anaoamini hesabu itafumbuliwa. Fedha zote zikaingia katika chungu kimoja, kigawiwe siku moja kwa watakaopatia. Kulinda chungu ikaundwa Bodi ya Taifa ya Ubashiri wa Majibu, na kuilinda Bodi likajengwa jengo la ghorofa kumi na mbili. Kiinua mgongo cha watumishi waliostaafu nacho kikaanza kulipwa kwa mkeka moja kwa moja, ili kuwaepushia wazee usumbufu wa kushika fedha.

Mtukufu Mlezi wa Taifa aliweka mkeka wa kwanza mbele ya kamera. Aliandika 2090. Mwaka huo atakuwa na umri wa miaka mia moja na thelathini na mmoja, jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Mawaziri wote, kila mmoja kwa utafiti wake binafsi, wakafikia 2090.

Na sisi wananchi, kusema kweli, tulikolea. Vibanda vya mikeka vilifunguliwa hadi kwenye njia panda ambako hakuna duka la chumvi. Redioni walizuka wachambuzi waliojua maprofesa wa Ulaya kwa majina, nani yuko fiti na nani ana mafua. Nakumbuka kina mama wawili wauza chakula, nyuma ya ofisi yetu, wakibishana juu ya mtaalamu mmoja wa Ufaransa.

"Ameachwa na mkewe," alisema mmoja, akimenya viazi.

"Nani kakwambia?"

"Redio. Mwanamume aliyeachwa ana muda. Mimi nimeweka mwaka kesho."

"Aliyeachwa analia, shoga yangu, hafanyi hesabu. Mkeka wako utachanika."

*

Naitwa Gaudensi Lihawa. Nilikuwa Karani Mpokezi wa Majibu, chumba namba tisa, ghorofa ya chini, karibu na choo. Sheria ilikuwa imesema kwamba mwananchi akitokea kulipata jibu yeye mwenyewe, alilete kwetu. Ni kifungu kilichowekwa kwa ajili ya ukamilifu, kama vile kwenye meli huwekwa mlango wa dharura, na hakuna aliyetegemea kitatumika.

Kazi hiyo niliipata kwa mtihani. Waombaji tulikuwa thelathini, tukapewa maswali ishirini ya hesabu, na akachukuliwa aliyeshika mkia. Mkurugenzi Mkuu wa Bodi, Dakta Anselmi Likolola, alinipa mkono mwenyewe. Udakta wake ni wa heshima, alitunukiwa na Bodi.

"Tunataka mtu ambaye jibu likimpita mbele ya pua hashtuki," aliniambia. "Nimekuona, nimefarijika."

Nikakabidhiwa muhuri uliosomeka BADO. Kwa miaka kumi na moja niligonga majibu elfu nne na kidogo. Mtu mmoja aliandika "Ndiyo" akadai nusu ya chungu. Kesho yake alikuja ndugu yake, ameandika "Hapana". Mwingine alituma picha yake akiwa amevaa suti, bila maelezo. Wote niliwagongea BADO. Mwanzoni niliwaonea huruma, maana wengine walikuwa wametembea siku mbili. Halafu huruma ikaisha, kama chumvi inavyoisha jikoni, hujui iliisha siku gani.

*

Jumatatu moja ya Februari aliingia mama mmoja mrefu, mkono wake ukipapasa ukuta. Alikuwa amevaa miwani mizito na kitenge kilichopigwa pasi, na kwapani amebana kaunta buku nene. Nilimjua kabla hajaketi. Alikuwa Mwalimu Eufrasia Ngole, aliyenifundisha hesabu kidato cha kwanza na cha pili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Aligeuza sikio, si uso. "Sauti hiyo naijua. Ulikuwa unakaa karibu na mlango."

"Gaudensi, Mwalimu."

"Gaudensi. Ulikuwa mzito." Alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaja kabila. "Sasa sikiliza. Nimeleta jibu."

Akaniwekea kaunta buku mezani. Kurasa sitini na moja, zote kwa penseli, kwa sababu Mwalimu aliamini hesabu ya wino ni kiburi. Alikuwa amelifanyia kazi swali hili miaka thelathini na minne, tangu kabla Waziri hajaligundua. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akinakili tu kutoka kwenye rasimu zake, na kunakili kulichukua muda huo wote kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari alimwambia upasuaji ni nusu saa kila jicho. Gharama yake ingetoshelezwa na kiinua mgongo, na kiinua mgongo chake kilikuwa mkeka.

"Umeweka mwaka gani, Mwalimu?"

"Mwaka huu."

"Kwa nini mwaka huu?"

"Kwa sababu nimemaliza mwaka huu," alijibu, kwa sauti ile ile ya zamani ya kumjibu mtoto aliyeuliza swali la kijinga. "Chungu chao sikitaki. Nataka mambo mawili. Mtu mmoja asome mpaka ukurasa wa mwisho, aniambie ni sahihi au si sahihi. Halafu nipate macho, niione kazi yangu mwenyewe. Nimeiandika kwa kupapasa, Gaudensi. Sijawahi kuiona ikiwa safi."

Kanuni za Bodi zilitaka kila jibu liambatanishwe na rasimu zake zote, na rasimu ziteketezwe, ili kuzuia nakala zisizo rasmi. Jibu la mwananchi ni mali ya umma. Mwalimu alikuwa amezileta kwenye gunia la sukari, madaftari ya miaka thelathini na minne. Nikampa risiti. Jumatano yalichomwa nyuma ya kantini, na kwa kuwa kuni zilikuwa ghali, moto huo ulitumika kupikia maharage ya wafanyakazi. Yaliiva vizuri.

*

Sikumgongea BADO siku ile. Nilijiambia nitagonga kesho. Kesho yake nikafungua ukurasa wa kwanza, nikitaka tu kuona mwandiko, ule ambao ndio ulionifundisha kuandika tarakimu zangu. Saba zake zina kistari katikati. Zangu pia.

Jambo la ajabu ni kwamba nilielewa. Ukurasa wa kwanza nikaelewa, wa pili nikaelewa. Mwalimu hakuandika kama wale wa vitabu wanaosema "ni dhahiri kwamba" halafu wanaruka. Aliandika kama anayemfundisha mwanafunzi mzito, hatua kwa hatua, huku akikuonya mahali utakapojikwaa. Nilipojikwaa, nilikuta ameshanisubiri kwenye mstari unaofuata. Nilisoma miezi saba, saa za kazi, muhuri ukiwa umekauka wino pembeni.

Ufunguo wa kazi yote ulikuwa ukurasa wa thelathini na nane, mstari wa kumi na moja. Kabla yake kuna mlima usiopitika. Baada yake ni mteremko mpaka mwisho. Mstari wenyewe ni mfupi, alama ishirini na tatu, na nilipouelewa nilicheka peke yangu chumbani, karani wa Kitengo cha Fomu akachungulia kuona kama nina homa. Siku niliyomaliza ukurasa wa mwisho nilisikia furaha. Naitaja kwa sababu ilikuwa moja tu.

Nikaomba ruhusa nikaenda kwake. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole, sinia mapajani.

"Ni sahihi, Mwalimu," nilisema.

Vidole vilisimama.

"Ukurasa wa thelathini na nane umeuhakiki?"

"Mara tisa."

"Ule ulikuja wenyewe. Wiki niliyomzika marehemu mume wangu. Watu wamejaa uani, wanalia, mimi niko chumbani naandika. Nikaandika, nikalala. Mpaka leo ukiniuliza ulikujaje siwezi kukwambia." Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akairudisha. "Basi ni sahihi. Sasa wapelekee wakubwa, wafanye taratibu zao."

Nikawapelekea. Mkosi wangu ni kwamba nilikuwa na furaha siku ile, na mtu mwenye furaha hafikirii.

*

Dakta Likolola aliposikia, alikaa. Halafu akasimama, akafunga dirisha, akakaa tena.

Ubaya ulikuwa hivi. Kama hesabu imefumbuliwa mwaka huu, basi haitafumbuliwa 2090. Kama haitafumbuliwa 2090, Mtukufu Mlezi amekosea, na Katiba yetu, ibara ya nne, inasema hawezi. Tena walioweka mwaka huu walikuwa na haki ya kugawiwa chungu, na chungu, kama nilivyoelezwa kwa upole, kilikuwa kimeshageuka ghorofa kumi na mbili. Huwezi kumgawia mtu ghorofa ya saba akaondoka nayo.

Waziri wa Matumaini aliitisha kikao. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya kubeba kaunta buku.

"Tuseme jibu ni baya, yaishe," alipendekeza mkuu mmoja wa usalama.

Waziri alichukia. "Sisi ni nchi ya utawala wa sheria. Hatuwezi kusema jibu la mwananchi ni baya bila kumwonyesha ubaya wake. Tutafute kosa."

"Na kama halina, Mheshimiwa?"

"Basi tumsaidie kulipata. Kosa dogo tu. Kosa la kizalendo."

Ikaundwa Kamati ya Kosa. Wajumbe saba: kanali mstaafu, mtaalamu wa kuku, mchungaji mmoja, mtangazaji wa mpira, wanasheria wawili, na mke wa Waziri kama mwakilishi wa jamii. Posho ilianza siku ya kwanza. Wiki ya pili wakaripoti kwamba wamebadilisha namba za kurasa, lakini kazi ilikuwa bado inaeleweka. Wiki ya tano wakafuta jina la mwandishi, na hesabu ikabaki sahihi vile vile, jambo lililomuudhi sana kanali. Wiki ya nane mtaalamu wa kuku aliandika pembeni mwa ukurasa wa nne kwamba mbili na mbili ni tano. Wakafurahi, wakapiga picha ya pamoja, mpaka mchungaji aliposema kwamba hata waumini wake wataliona. Kuajiri mtaalamu kutoka nje kulikataliwa, kwa kuwa angeelewa.

Kamati ikaandika katika taarifa yake ya mwisho kwamba nchi nzima haina mtu mwenye uwezo wa kukosea kwa kiwango hicho. Waziri akaguna. Mkurugenzi akanikumbuka.

"Kijana," aliniita. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. "Wewe ulikisoma kitabu kile."

"Nilikisoma, Mheshimiwa."

"Ukakielewa?"

Nilifikiria kudanganya. "Nilikielewa."

Alinitazama kwa masikitiko, kama mtu niliyemficha ugonjwa wa kuambukiza miaka kumi na moja. Halafu akanisogezea kiti.

"Huyu Mwalimu wako haoni, siyo?"

"Haoni."

"Inasikitisha. Bodi ina Mfuko wa Pole, haujawahi kuguswa. Kosa likipatikana asubuhi, mchana mama wa watu anapelekwa kwa daktari wa macho. Macho yote mawili. Hospitali nzuri, chumba cha peke yake, na chakula."

"Na lisipopatikana?"

"Mambo yatabaki yalivyo. Kitabu kitakaa kwenye sefu, naye atakaa kwake. Sisi hatumlazimishi mtu, kijana. Hii ni serikali ya hiari."

Nilirudi chumba namba tisa na kaunta buku. Nilipiga hesabu yangu, kwa mara ya kwanza maishani bila kusaidiwa. Mwalimu alitaka mambo mawili. La kwanza, la kusomewa na kuambiwa, nilikuwa nimeshampa, na lisingeweza kunyang'anywa. La pili lilikuwa mezani kwa Mkurugenzi. Niliona inakubali. Nikachonga penseli. Nikafuta mstari wa kumi na moja kwa ufutio, nikapuliza vumbi, nikaandika mahali pake mstari mwingine wa urefu ule ule, unaogawa kwa kitu ambacho ukikikazia macho ni sifuri. Saba nilizitia vistari. Ilichukua dakika nne.

Nilipomaliza nilikaa kidogo nione nitasikia nini. Nilisikia njaa, nikaenda kantini.

*

Taifa lilifurahi mno. Waziri alisimama uwanjani mbele ya watu elfu thelathini na bendi mbili, akanyanyua picha ya ukurasa wa thelathini na nane iliyokuzwa mpaka ikawa kubwa kama mlango wa gereji.

"Ndugu wananchi! Jibu si jibu!"

Wakashangilia.

"Mwananchi mwenzetu, mama mzalendo, alijitahidi. Lakini aligawa kwa sifuri! Nani hapa hajui kwamba kwa sifuri haigawanyiki?"

Watu wote wakapaza sauti kwamba wanajua, pamoja na walioanza kujua hapo hapo. Ikatangazwa Siku ya Kosa, mapumziko ya kitaifa, kila mwaka. Mauzo ya mikeka yakapanda mara tatu, maana sasa ilikuwa imethibitika kwamba hesabu bado ni ngumu. Mwalimu alipewa cheti cha ushiriki. Kiliandikwa jina lake vizuri.

Naandika na hili pia, kwa haki: ahadi ilitimizwa. Daktari wa macho, ambaye nchini kwetu ni mmoja na alikuwa ameazimwa na Bodi kuchambua wataalamu wa Ujerumani, alirudishwa hospitali kwa siku mbili. Alimpasua jicho la kulia Jumanne na la kushoto Alhamisi. Chumba kilikuwa cha peke yake. Chakula nacho nasikia kilikuwepo.

*

Nilikwenda kumwona tarehe ishirini Desemba. Alinifungulia mlango kabla sijabisha hodi mara ya pili, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Umezeeka, Gaudensi!" alisema, akicheka. "Nilikuwa nakuona moyoni ukiwa na kaptula."

Nilimwamkia, akaitikia, akanivuta ndani. Nyumba ilikuwa imefagiliwa mpaka kwenye pembe. Alinionyesha vitu: ufa kwenye ukuta ambao hakujua kama upo, rangi ya mapazia, picha ya marehemu mume wake ambayo sasa aliitazama kila asubuhi. Alisema watu wa Bodi ni watu wema kuliko alivyodhani. Kwenye meza kulikuwa na barua yao, na nakala ya fotokopi ya ukurasa wa thelathini na nane, na kando yake karatasi nyingi zilizojaa hesabu zilizokatwa.

"Kaa," alisema. "Nimeliona kosa."

Nikakaa.

"Walipolitangaza niligoma. Nikasema haiwezekani, hawa hawajui kitu. Ningekuwa bado sioni ningegoma mpaka kaburini. Lakini nimepewa macho, nimeangalia mwenyewe." Aligonga fotokopi kwa kidole. "Mwandiko wangu. Saba zangu. Nimegawa kwa sifuri, Gaudensi. Mimi. Watoto wangapi nimewachapa kwa jambo hili?"

"Wengi, Mwalimu."

"Na wewe ukiwemo."

"Na mimi."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. Akanieleza kwamba barua inasema sheria inaruhusu marekebisho mara moja, mradi yafike kabla ya mwaka kwisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Mkeka wake ulikuwa bado hai. Lakini hilo, alisema, halimnyimi usingizi. Kinachomnyima usingizi ni kwamba amekaa na mstari ule wiki tatu, anautafuta kutoka kila upande, na haupati.

"Najua palikuwa na kitu pale. Wiki ile ya msiba niliandika kitu, na kilikuwa kizuri, nakumbuka uzuri wake. Kitu chenyewe sikikumbuki. Ningekuwa na rasimu ningeangalia. Labda nilikosea wakati wa kunakili. Au labda hapakuwahi kuwa na kitu, nilikuwa mjane ambaye hajalala siku nne, nikaona nilichotaka kuona. Miaka thelathini na minne, Gaudensi, juu ya mstari ambao haupo."

Alichukua karatasi nyeupe, akaiweka mbele yake, akashika penseli iliyochongwa. Akageuka kunitazama. Nilikuwa sijawahi kutazamwa na Mwalimu Eufrasia kwa karibu hivyo. Macho yake yalikuwa meupe safi, na yalinifuata mdomo.

"Wewe ulisoma mara tisa. Hebu fikiri vizuri, usiharakishe. Mstari wa kumi na moja ulikuwa hivi hivi? Si ajabu mashine ya fotokopi imekula alama. Si ajabu uliona kitu kingine."

Ninao mstari ule. Ninao hata sasa ninapoandika, alama zote ishirini na tatu, na ningeweza kuutaja kwa pumzi moja bila kusita. Ofisi ya Bodi ilikuwa wazi mpaka saa tisa na nusu. Tungetembea tu, tungefika. Ningependa kukwambia kwamba niliogopa, kwamba niliifikiria familia yangu, au jela, au Dakta Likolola. Sikufikiria kitu. Nilijitafuta ndani, nikakuta kimya kama cha chumba namba tisa siku ya Jumapili, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Ulikuwa hivi hivi, Mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, akaiweka penseli juu ya karatasi nyeupe.

"Basi nilikosea," alisema. "Na wewe hukuliona kwa sababu uliniamini. Usijilaumu." Akanishika mkono, akaubana. "Asante kwa kuniambia ukweli, mwanangu. Mwingine angenionea huruma akanidanganya."

Aliinuka akaleta chupa ya chai na vikombe viwili. Alinimiminia mwenyewe, kwa mkono ulionyooka, mpaka juu kabisa ukingoni, bila kumwaga hata tone kwenye kisosi, na alipomaliza alikitazama kile kikombe kwa furaha.

"Unaona?" alisema. "Sasa naona ninapomimina."

Nikamwambia naona. Nikanywa chai.